Mkono wa Pili wa Nyumba Yetu

Mtongwe, Alhamisi, 1 Aprili 1948

Mvua ya kwanza ya masika imeanguka alfajiri, ikakatika kabla sijafika kwenye feri. Paa linavuja mahali pawili, juu ya kitanda changu na juu ya mtungi. Hapo kwenye mtungi hakuna hasara.

Ghalani kwa Seti Vallabh, tajiri wa Kihindi ninakofanya ukarani tangu nilipomaliza sekondari, leo kumekuwa na furaha. Barua ya ndege imekuja kutoka Ulaya. Wanunuzi wa huko wamezoea usumba wa Malabari, Bara Hindi, lakini mwaka huu hauwafikii wa kutosha, kwa hiyo wanautaka wa kwetu. Meli ya kwanza itapakia mwanzo wa Mei, ya pili tarehe 30 Juni. Bei ni karibu mara mbili ya mwaka jana.

Nimekuja nyumbani mbio. Mama alikuwa amekaa juu ya mbuzi anakuna nazi.

"Mara mbili?"

"Wallahi, mama, karibu mara mbili."

Akaacha kukuna. Akatazama juu, kwenye makuti. "Basi mwaka huu tutalala chini ya mabati," akasema.

Jumapili, 4 Aprili

Nimeshuka pwani asubuhi, bila kazi yoyote, kutazama tu. Mtu ambaye hakukulia hapa akipita haoni kitu ila tope na vijiti vimesimama. Lakini kila kijiti ni cha nyumba fulani. Chini yake yamezikwa makumbi ya nazi, yakapangiwa mawe juu, yakaachwa maji ya chumvi yayalainishe mwaka mzima. Wakati wa bamvua, bahari inapotoka mbali, wanawake hushuka kuyafukua. Kisha hukaa duara bandani na kuyafua kwa magongo mpaka ganda lote lipukutike na zibaki nyuzi. Hizo nyuzi ndizo usumba.

Sauti ya magongo hayo ndiyo iliyonilea. Kabla ya vita, nikiwa mtoto, nilikuwa nalala mchana yakipigwa, na yakinyamaza ndipo nashtuka. Bibi, mamake mama, alikuwa akikaa upande wa bahari apate upepo. Marehemu baba akitoka kuuza kamba Likoni hupita na kuwatania, "Nyinyi mnapiga kumbi au mnampigia mwari ngoma?" Nao humrushia maganda. Nilidhani dunia nzima inaishi hivyo, wanaume wanapita na wanawake wanawarushia maganda.

Kazi ni ya mweria. Duara zima hufua shimo la nyumba moja, kisha la nyumba nyingine, zamu kwa zamu. Sharti lake ni kila nyumba ilete mikono miwili, yaani watu wawili. Mwenye mkono mmoja hana zamu. Kwetu ilikuwa ni mama na Bibi, na Bibi tumemzika Novemba.

Ijumaa, 9 Aprili

Mvua kutwa. Feri ilichelewa.

Jumatatu, 12 Aprili

Lililokuwa linanitia wasiwasi tangu juzi limetokea.

"Mwanatatu!"

"Abee, mama."

"Kesho shule hapana. Kesho bandani."

Dada yangu akanitazama mimi, si mama. Ana miaka kumi na minne. Anasoma katika darasa la wasichana Likoni, na mwalimu wao amemchagua pamoja na wenziwe wawili wafanye mtihani wa kuingia chuo cha ualimu huko bara. Mtihani ni Jumatano, tarehe 23 Juni. Mwaka huu akiukosa hatapata tena, kwa sababu mwakani atakuwa amepita umri wanaoutaka.

"Mama, mtihani uko Juni," nikasema.

"Na meli iko Juni. Si wewe uliyeleta habari za meli?"

"Nilileta habari za bei."

"Bei bila mkono wa pili itanisaidia nini, Rashid? Niisikie tu kama redio ya jirani?"

Nimekasirika, na naandika ili hasira itulie. Mama hajui kusoma, lakini mimi nilisoma mpaka sekondari naye akijua. Nashindwa kuelewa ni vipi lililofaa kwangu lisimfae binti yake.

Jumanne, 13 Aprili

Mwanatatu ameanza kufua. Jioni viganja vimevimba.

Jumapili, 18 Aprili

Nilimpelekea mama maji bandani. Anayesimamia duara ni Bi Mwanarehema, mama mtu mzima, mnene, ambaye ulimi wake haumsazi mtu. Aliponiona tu:

"Karani huyo! Ficheni makumbi mabovu!"

"Shikamoo, Bi Mwanarehema."

"Marahaba. Umekuja kutupima uzito au umekuja kutafuta mke? Hawa wote wameolewa, mwanangu, na mimi sikutaki."

Wakacheka. Lakini kilichonishangaza ni Mwanatatu. Amekuwa akikariri hesabu zake huku akifua, na duara zima limezishika. Anasema, "Saba mara nane!" na magongo yote yanashuka pamoja, "Hamsini na sita!" Bi Mwanarehema anapiga kwa nguvu kuliko wote, ingawa jibu hulisema baada ya wenzake.

"Hii saba mara nane ni ya lini?" akaniuliza. "Sisi tumefua miaka yote kwa kuhesabu moja, mbili, moja, mbili, kama askari."

Mwanatatu alikuwa anacheka, meno yote nje, vumbi la makumbi mpaka kwenye nyusi. Anaipenda kazi ile. Hilo sikuwa nimelifikiria.

Jumatano, 21 Aprili

Mwalimu Kafedha amekuja nyumbani. Ni mwanamke wa Rabai, Mkristo, mwembamba, na viatu alikuwa ameviacha mlangoni kabla hajakaribishwa. Mama alimtandikia mkeka, akampa chai, wakasalimiana kirefu sana, kama watu wanaojua kwamba baada ya salamu kuna vita.

"Mama Rashid, mtoto wako amekosa siku saba."

"Hakosi, mwalimu. Yuko kwangu."

"Mimi nina wiki tisa tu za kumtayarisha."

"Na mimi nina wiki kumi tu za kuezeka nyumba. Akenda huko bara atakula nini? Nani atamwambia wakati wa swala?"

"Wako wasichana Waislamu huko. Nimeuliza kabla sijaja, kwa sababu nilijua utaniuliza."

Mama akamjazia kikombe. "Umefanya vizuri kuuliza," akasema. Lakini hakukubali. Mwalimu aliondoka mvua ikinyesha, na mama akamlazimisha achukue mwavuli wetu wa pekee. Sasa mwenyewe naenda kazini nimejifunika gunia.

Jumapili, 2 Mei

Nimemwambia mama niajiri mtu kwa mshahara wangu afue mahali pa Mwanatatu. Akanipeleka kwa Bi Mwanarehema nikaseme mwenyewe.

"Uajiri?" akasema yule mama. "Mtu wa kuajiriwa akichoka huenda zake. Wa mweria akichoka hufua akilalamika, lakini hufua. Na ukiajiri wewe, kesho ataajiri mwenye duka, keshokutwa duara lote ni la vibarua na sisi wenyewe tumekaa nje tunawapikia. Hapana, karani. Rudisha pesa zako mfukoni."

Nilirudi nikimwona ni mwanamke mgumu asiyetaka kitu kipya. Nimeiandika hivyo kwa kuwa ndivyo nilivyoona.

Alhamisi, 6 Mei

Meli ya kwanza imepakia. Usumba ulikuwa mzuri, mrefu, laini, wa mashimo ya mwaka jana. Seti ameagiza mzigo wa pili uwe mkubwa kuliko huu.

Jumatatu, 10 Mei

Bamvua. Leo wamefukua mashimo yaliyozikwa Desemba tu. Ya zamani karibu yamekwisha, na bei inawaita. Mama alisema kwa sauti ya chini, "Bibi yako angeona, asingekula leo." Lakini naye alishuka akafukua, kwa kuwa lilikuwa shimo la jirani na zamu ni zamu.

Jumapili, 16 Mei

Siku ya leo nataka kuiandika yote.

Wiki iliyopita Seti alipokea sanduku kutoka Uingereza, na ndani mlikuwa na jamvi la kufutia miguu la kuweka mlangoni mwa ofisi. Nililigusa nikajua ni usumba. Nikamwomba Seti niondoke nalo Jumapili moja, akacheka, akaniambia likirudi na tope nitalilipa. Nikalifunga kwa gazeti nikavuka nalo.

Nilipolitandaza bandani wanawake waliacha kufua.

"Hii ni nini?"

"Usumba," nikasema. "Pengine wa Malabari, pengine wa kwetu. Ulikwenda Ulaya ukiwa mzigo kama huu wenu. Umerudi hivi. Bei ya jamvi moja ni kama mizigo sita."

"Mizigo sita! Na wanafanyia nini?"

"Wanafutia miguu."

Kikalipuka kicheko kilichoamsha kunguru wote wa Mtongwe. Mmoja akasimama akajifuta miguu kwa madaha, mkono kiunoni kama memsahibu, akaagiza chai. Nami nilicheka. Lakini Bi Mwanarehema alilivuta jamvi mapajani mwake. Akaligeuza, akapitisha kidole kwenye pindo, akanusa. Alikuwa anatafuta mahali uzi ulipoanzia. Yeye husokota kamba akiwa amefumba macho, na watu hutoka Kisauni kuja kununua kamba zake. Akatafuta upande mmoja, akatafuta wa pili. Wenziwe wakarudi kwenye magongo, yeye bado.

"Huyu aliyefuma hii," akaniuliza mwishowe, "ana mikono mingapi?"

"Miwili, Bi. Lakini ana mashine, na aliyeitengeneza mashine alisoma, na huyo anayeiendesha amefundishwa."

"Kwa siku anafuma ngapi?"

"Sijui. Nyingi."

"Na wewe uliyesoma, unaweza kuifuma?"

"Hapana. Mimi nilisomeshwa kuandika hesabu ya mizigo ya watu wengine."

Sijui kwa nini nilisema hivyo mbele ya wanawake. Ndivyo ilivyo lakini. Bi Mwanarehema hakunitania. Alikaa na jamvi hadi adhuhuri, akanirudishia likiwa safi kuliko lilivyokuja.

Jioni nilimuuliza mama, Bibi alipokuwa na nguvu zake alifua mizigo mingapi kwa siku. Akasema mitatu. Na wewe? Mitatu. Nilikuwa naipenda picha hiyo, ya mama na mamake na mizigo yao mitatu sawasawa. Nimeipenda maisha yangu yote. Leo nimeitazama upande mwingine nikaona uchungu. Toka siku za Bibi hadi leo meli zimekuwa kubwa, feri imepata injini, bei imepanda ikashuka ikapanda, na mkono umebaki pale pale kwenye mizigo mitatu, huku kule ng'ambo mtu mwenye mikono miwili kama yetu anapata zaidi kila mwaka kwa kumbi lile lile.

Jumatano, 19 Mei

Mvua. Mwanatatu ana homa kidogo, amefua hivyo hivyo.

Jumatatu, 24 Mei

Nimesimuliwa na mama.

Asubuhi, duara lilipokaa, Bi Mwanarehema alimwambia Mwanatatu, "Wewe, inuka. Nenda shule."

Mama akasema, "Na mkono wangu wa pili?"

"Yuko." Akaonyesha mahali pa Bibi, upande wa bahari. "Nilipolala uzazi mara nne, nani alifua zamu yangu? Nyinyi nyote hapa, mlipougua, mlipofiwa, mlipokwenda arusini Vanga mkakaa wiki mbili na kusema ni siku tatu, nani alifua? Yule marehemu alifua zamu zake na zetu, na hakuna aliyemfulia yeye. Basi msimu huu anafuliwa. Mkono wake ninauhesabu mimi, na asiyetaka aseme."

Yule wa arusi ya Vanga aliinamisha kichwa.

Kisha akaongeza sharti. Siku ya shimo la nyumba yenyewe, mkono wa marehemu hauingii. Siku hiyo wenye nyumba wawili walio hai lazima washuke topeni, mmoja aondoe mawe, mmoja apokee makumbi. Hilo lilikuwapo tangu zamani, na hata yeye hawezi kulivunja. Na kwa kuwa tumeingia kwa upole wa watu, zamu yetu iwe ya mwisho.

Mwanatatu alikimbia mpaka Likoni, na gongo alilisahau mkononi. Mwalimu Kafedha alimkuta mlangoni nalo akadhani amekuja kupigana.

Nilimwandika Bi Mwanarehema vibaya tarehe 2. Sifuti, lakini naongeza hapa.

Jumapili, 6 Juni

Mwanatatu amebaki nyuma katika Kiingereza. Hesabu zake ni nzuri. Mvua inapungua.

Jumatano, 9 Juni

Usumba unaoingia ghalani sasa ni mgumu, mfupi, ganda halijatoka sawasawa. Ni ule wa mashimo machanga. Nimemwonyesha Seti. "Pokea tu, Rashid. Mwaka huu watu watanunua hata ndevu zangu." Kipande cha mfano kimetumwa Ulaya kwa ndege. Nimepokea. Nyumba tatu za Mtongwe tayari zina mabati mapya. Mvua ikinyesha zinalia kama ngoma, na watoto wanatoka nje kusikiliza.

Jumapili, 13 Juni

Siku za bamvua ijayo zimepangwa. Zamu yetu ni Jumatano, tarehe 23.

Niliposikia nilihesabu tena kwa vidole nikitumaini nimekosea. Ni siku ile ile ya mtihani, na ni saa ile ile, kwa kuwa maji hutoka sana saa nne asubuhi. Baada ya hapo bahari haitatoka vile mpaka mwanzo wa Julai, na meli itakuwa imekwenda zake.

Jumapili, 20 Juni

Mama amezunguka nyumba zote kuomba abadilishiwe siku. Kila mmoja amemkaribisha, amempa kahawa, amesikitika naye, na amekataa. Siwalaumu. Hii ndiyo bamvua ya mwisho kabla ya meli, na hakuna anayejua kama bei hii itakuja tena maishani mwake. Kwa Bi Mwanarehema alikwenda mwisho.

"Mimi si mwenye bahari, Mwanasaumu," alimwambia mama. "Ningekuwa ndiye ningeiambia isubiri."

Nikamwambia mama nitashuka mimi.

"Mwanamume hashuki siku ya mweria."

"Basi washangae."

"Na kazini?"

Kazini wiki hiyo tunapokea mzigo wote wa meli. Nitamuuliza Seti.

Jumatatu, 21 Juni

Nimemuuliza. Hakugomba. Amesema wiki ya meli asiyekuja asijisumbue kurudi, na akaendelea kutafuna tambuu yake. Mama amenikataza. "Mshahara wako ndio unga wetu. Sitauza unga ninunue mabati."

Shimo letu ni la mwaka jana, ndilo pekee la zamani lililobaki pwani nzima. Alilizika Bibi kwa mkono wake, mwezi mmoja kabla hajaugua. Usumba wake ungekuwa mzuri kuliko wote walioupata. Paa lote lingekuwa bati, na kingebaki cha jiko.

Leo jioni Mwanatatu alimwambia mama, "Mama, mimi nitashuka nawe. Mtihani si lazima." Alisema kwa sauti ya kawaida, anachambua mchele. Nami nikaona dada yangu amekuwa mtu mzima mbele ya ungo wa mchele, na sikufurahi hata kidogo.

Jumanne, 22 Juni

Nimerudi kutoka kazini nikamkuta mama ameinama juu ya meza na pasi ya makaa. Alikuwa anapiga pasi gauni la shule la Mwanatatu, lile la buluu, anapuliza makaa, anarudia kola mara ya pili na ya tatu.

"Mama, na shimo?"

"Shimo halina miguu."

"Meli inayo, mama."

"Basi iende."

Nilikaa kitini. Mvua imekwisha siku hizi, lakini paa lilikuwa bado lina harufu ya makuti yaliyolowa. Akaniambia bila kunitazama:

"Mwanarehema namjua tangu tulipochezwa unyago pamoja. Ameshindana na mume, na kadhi, na mkusanya kodi, sijamwona ameshindwa. Siku ile ulipoleta lile jamvi alikaa nalo asubuhi nzima, nami nikamtazama. Hakupata hata mahali pa kuanzia." Akainua pasi, akatia kidole mate akaijaribu. "Sitaki mwanangu akae na kitu mapajani namna ile. Mlete hapa nimpime hili gauni, limekuwa fupi."

Siku zote nimemfikiria mama kuwa ni mtu wa mizigo mitatu. Nimeishi naye miaka ishirini na sita.

Jumatano, 23 Juni

Tumevuka feri ya kwanza, watatu, Mwalimu Kafedha, Mwanatatu na mimi. Mwalimu alikuwa na mwavuli wetu, ameurudisha leo. Mwanatatu alitapika kando ya feri, akasukutua, akasema yuko tayari. Nikawaacha kwenye mlango wa chumba cha mtihani nikaenda ghalani.

Saa nne niliona kutoka dirishani maji yametoka mbali sana. Sikuweza kuandika hesabu kwa muda.

Jioni nimemuuliza ilikuwaje. "Kulikuwa na saba mara nane," akasema, "nikasikia magongo." Kiingereza hakusema.

Mama leo alikwenda bandani kama kawaida, akakaa mahali pake. Zamu yetu ilipopita duara walifua shimo la jirani, naye akafua pamoja nao kwa ajili ya jirani.

Jumatano, 30 Juni

Meli imekwenda. Mzigo wa Mtongwe ulikuwa mkubwa sana. Wetu haukuwamo.

Jumamosi, 3 Julai

Simu ya upepo imefika kutoka Ulaya. Wameuona mfano tuliotuma, usumba ni mbichi, wanautaka kwa nusu ya bei au hawautaki. Malabari imeanza kupeleka tena. Hakuna agizo jingine. Seti ametupa tambuu yake nje ya mlango, na alikuwa hajaimaliza. Amefunga ununuzi wa usumba, na amenipa likizo ya wiki mbili bila mshahara mpaka apate biashara nyingine.

Wanawake walikwisha lipwa, hilo halibadiliki. Mabati yao yako juu. Sisi tuna makuti, na ningekuwa mwongo nikisema haliniumi. Lakini wanaulizana mwakani watamuuzia nani, na mashimo ya Desemba yote yamekwisha fukuliwa. Hakuna kitu topeni kinachoiva.

Jumatatu, 5 Julai

Mwalimu Kafedha amekuja akikimbia, mwalimu mwembamba yule, na safari hii viatu aliingia navyo mpaka ndani. Mwanatatu amechukuliwa. Wenziwe wawili, mmoja amepata, mmoja hakupata. Ataondoka baada ya Idi.

Mama alitoka uani. Tulimsikia anateka maji kisimani, anamwaga, anateka tena.

Bi Mwanarehema alikuja baadaye. "Huko watakufundisha kufundisha tu?" akamuuliza Mwanatatu.

"Ndiyo, Bi."

"Basi uliza na mengine."

Jumatano, 7 Julai

Kesho inatarajiwa mwezi mosi Ramadhani. Duara limevunjika kwa ajili ya mfungo, kila mtu yuko kwake anatwanga na kuanika. Bahari imetoka. Mwanatatu alikwenda shule.

Mama alichukua jembe na kapu akashuka peke yake, na mimi nikamfuata. Hakuna mweria leo, kwa hiyo hakuna wa kunikataza. Akatazama suruali yangu niliyoikunja magotini, akatazama miguu yangu, akasema, "Tembea pole, usizame. Sitakuvuta."

Tumeondoa mawe ya Bibi, yeye akaondoa, mimi nikapokea. Makumbi yalitoka meusi, laini kama ngozi. Akalikamua moja mkononi, nyuzi zikajitenga zenyewe. Hakuna meli ya kuyasubiri. Mama anasema yatakuwa kamba za vitanda, watu wa Likoni hulala kila mwaka, bei ya Ulaya iwe juu au chini.

Kisha bandani. Nilipiga gongo la kwanza nikakosa kumbi nikapiga gogo. Wanawake waliokuwa wanapita na maji wakasimama.

"Mwanasaumu! Umeajiri karani?"

"Wa bure huyu," mama akajibu. "Na ndivyo anavyofua."

Walicheka mpaka wakaweka ndoo chini. Mmoja alinirushia ganda likanipata sikioni, nikamkumbuka marehemu baba, nikageuka upande wa bahari kidogo. Nikaendelea. Kufikia adhuhuri mama alikuwa na mzigo mzima na nusu, mimi sikuwa na kitu cha kuitwa mzigo. Akauchukua usumba niliofua, akauchagua, akatupa nusu.

"Mwakani," akasema, "utakuwa umejua."

Malengelenge mawili yamepasuka vidoleni, pale kalamu inapokaa. Leo naandika haya tu.